Sura ya Saba: Kiungo Kipya, Pumzi ya Zamani

Mwamgongo ni kijiji kinachodai magoti mazima. Kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na ardhi tambarare ni haba. Mashamba ya muhogo na michikichi yako mteremkoni, maji na samaki viko chini, na katikati kuna njia ya miguu. Anayekwenda Kigoma mjini hupanda boti ya abiria hadi mwalo wa Kibirizi, na kuipanda boti yenyewe ni kazi: unakunja nguo, unaingia majini, unashika ubao wa pembeni, kisha unainua mguu mmoja juu kabisa huku wimbi likiisogeza boti. Ukirudi nyumbani, jikoni unakaa kigodani, chooni unachuchumaa, msikitini unasujudu, kanisani unapiga magoti. Kutwa nzima goti na nyonga havipumziki.

Ndiyo maana mtu wa huku akiambiwa na daktari kwamba kiungo chake kimekwisha na dawa ni kukibadilisha, hajiulizi tu kama atapona. Anajiuliza ataishije. Sura hii ni yake, na ni ya anayemuuguza. Nitaueleza upasuaji kwa ufupi, kisha nitakaa kwa kirefu katika miezi inayofuata, maana hapo ndipo wagonjwa wengi huachwa peke yao. Na nitaeleza kwa nini yoga, elimu ya kale ya Wahindi, ina la kumfaa mgonjwa huyu hata kama ni Mwislamu wa Ujiji au Mkatoliki wa Mwamgongo ambaye hajawahi kuona ikifanywa.

Kiungo kinavyokwisha, na kinavyobadilishwa

Ndani ya kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, utando imara unaoteleza. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika hairudi kama ngozi inavyorudi baada ya kidonda. Umri, uzito wa mwili, majeraha ya zamani na miaka ya kubeba mizigo huimaliza polepole, hadi mfupa unasuguana na mfupa.

Vijana nao hawakusalimika. Mwenye selimundu ana chembe za damu zinazojikunja umbo la mundu na kuziba vimishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa hicho hufa na kuporomoka, na nyonga ya kijana ikawa kama ya mzee. Tena Kigoma ni mkoa wa mawese, na michikichi hukwewa na watu. Mkwezi akianguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, damu inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika palepale. Ongeza ajali za bodaboda, nawe utaona kwa nini wodi za mifupa hazikosi watu.

Njia ya kubadilisha nyonga kama tunavyoijua leo ilifunguliwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington mnamo Novemba 1962. Alitumia kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, vyote vimeshikizwa mfupani kwa saruji maalumu. Kabla ya hapo alikuwa ametumia aina nyingine ya plastiki iliyolika upesi, ikabidi awafungue tena wagonjwa wake. Vifaa vya sasa vya nyonga vimetokana na kazi ile, na vingi hudumu miaka 15 hadi 20, hata zaidi.

Kwa Mtanzania, upasuaji wa namna hii ni wa hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Mtu wa Mwamgongo huanzia zahanati, akapanda boti, akafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, kisha akapewa barua ya rufaa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200. Kwenda ni kwenda. Kurudi ndiko kunakotaka mipango. Mguu uliopasuliwa ukikaa muda mrefu bila kusogea, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa, na donge hilo likipanda kifuani linaweza kuua. Kabla ya kukata tiketi muulize daktari siku hasa unayoruhusiwa kusafiri, meza dawa za kuzuia damu kuganda mpaka siku aliyokupangia, na njiani chezesha vifundo vya miguu juu na chini kila mara.

Yoga ipi?

Wengi wakisikia neno yoga huona mtu aliyekaa chini, miguu imepishanishwa, nyayo zimelala juu ya mapaja. Aliyebadilishiwa nyonga asiujaribu mkao huo. Pale daktari alipoifikia nyonga kwa upande wa nyuma, mgonjwa huelekezwa kwa wiki za mwanzo, mara nyingi sita hadi kumi na mbili, asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, wala asigeuze mguu kwa ndani. Akifanya hivyo kabla nyama hazijashikana, kichwa cha chuma kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. Hulala na mto katikati ya mapaja kwa sababu hiyo hiyo.

Goti jipya nalo lina mipaka yake. Mara nyingi hukunjika hadi nyuzi 110 au 120. Hizo zinatosha kupanda ngazi, kukaa kitini na kuinuka. Kuchuchumaa kabisa au kukalia visigino kunataka zaidi ya hapo, na wengi hawafiki.

Basi kiungo kipya kinamnyima mgonjwa karibu mikao yote iliyoifanya yoga ijulikane duniani, kikamwachia kile ambacho wenye elimu hiyo wamekiita msingi wake tangu zamani. Patanjali, mwanachuoni wa India ya kale, aliigawa yoga katika viungo vinane, na mkao wa mwili ni kimoja tu. Kabla yake kuna maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutotamani cha mtu, kuridhika, kujitahidi, kujisalimisha kwa Mungu. Baada yake kuna pumzi, kuzituliza hisi, kukaza fikra na kutafakari. Na katika maadili hayo, la kwanza kabisa ni kutodhuru. Mgonjwa wa goti anaanza kulitimiza kwa mwili wake mwenyewe, kwa kutoulazimisha na kutoutelekeza.

Mwalimu aliyeielewa hali hii kuliko wengi ni B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 kusini mwa India, mtoto dhaifu aliyepitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipokuwa kijana alifundishwa yoga na shemeji yake, Krishnamacharya, mjini Mysore. Alipokuja kufundisha, alitumia viti, mikanda, mito na kamba, ili mzee na mgonjwa wafike pale ambapo mwenye afya hufika bila msaada. Vifaa hivyo Mwamgongo vipo vyote: kiti cha plastiki, mto, kanga.

Afrika Mashariki yoga si ngeni tena. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa ikifundisha vijana kuwa walimu tangu 2007, wakiwemo wa mitaa ya mabanda, na madarasa yapo Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Mwamgongo hutakuta darasa, na mgonjwa wetu halihitaji. Anachohitaji kwanza ni mtaalamu wa fiziotherapia, na maelekezo yake ndiyo sheria. Yoga ninayoizungumzia hapa inakaa ndani ya mazoezi hayo, haishindani nayo.

Kanga, kitanda na pumzi

Tumchukue mama wa miaka sitini na kitu, amebadilishiwa goti la kulia. Bado ana usingizi wa dawa, kidonda kimefungwa, na mtaalamu amesimama kando ya kitanda.

"Shikamoo mama. Leo tunasimama."

Anamwona hana huruma. Lakini kusimama mapema, siku ileile au siku ya pili, hufungua mapafu, huisukuma damu ya miguuni na huuamsha msuli wa paja, ambao maumivu ya miaka yameuacha umelegea. Kila siku ya kulala tu inazidi kuulegeza.

Kisha linakuja zoezi ambalo wagonjwa hulikumbuka maisha yao yote. Mama amekaa kitandani, mguu umenyooka. Kanga imezungushwa unyayoni, ncha zake mbili ziko mikononi. Chini ya kisigino kumewekwa mfuko wa nailoni ili kiteleze juu ya shuka. Anavuta kanga, kisigino kinasogea kuelekea makalioni, goti linapanda. Mahali fulani linakataa. Mshono unavuta, uvimbe unajaa, mwili mzima unajikaza. Mama anang'ata meno, anazuia pumzi.

"Usizuie pumzi, mama. Toa kwanza, kisha kunja."

Hapo, katika maneno hayo machache, ndipo fiziotherapia na yoga hukutana. Mtu akizuia pumzi, mwili huchukulia kuna hatari. Misuli hukaza, moyo hukimbia, maumivu hupanda. Akitoa pumzi ndefu kuliko aliyovuta, neva inayotuliza moyo hufanya kazi yake na msuli hulegea kidogo. Mama anavuta pumzi puani kwa hesabu ya tatu, anaitoa kwa hesabu ya tano, na wakati wa kuitoa ndipo anapovuta kanga. Kisigino kinasogea kwa upana wa kidole. Anatulia pale, anapumua tena, anarudisha. Ndilo zoezi lenyewe, nalo hurudiwa mara kadhaa kwa siku, kwa wiki nyingi.

Kunyoosha nako kuna haki yake, na ndiko kunakosahaulika. Mguu unauma, ndugu mwenye huruma anaweka mto chini ya goti, mgonjwa anapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya gharama. Goti likizoea kulala limepinda, nyama mpya hujijenga katika upinde huo, na mgonjwa atachechemea siku zote. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani na lishuke lenyewe taratibu, huku pumzi ikienda.

Baada ya mazoezi, alale chali kama wafanyavyo watu wa yoga mwishoni mwa kipindi chao: mikono pembeni, macho yamefumbwa, fikra zikipita mwilini kutoka vidole vya miguu hadi utosini, sehemu moja baada ya nyingine. Akifika kwenye goti asiliruke. Alitazame kwa ndani: je, linavuta, linachoma, limejaa joto, linapwita? Mtu anayejifunza kuyasikiliza maumivu hivi hujua tofauti kati ya maumivu ya kunyooka, yanayopungua akipumzika, na maumivu ya hatari, yanayozidi kila saa. Ujuzi huo utamlinda akiwa kijijini, mbali na hospitali.

Dua zilizokuwepo

Msomaji mwenye imani yake anaweza kusita, na ana haki ya kusita. Yoga ilizaliwa katika dini za India, na baadhi ya walimu huimba matamko ya dini hizo. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye matamko na ibada za Kihindu. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo, baada ya jitihada za Nouf Marwaai, mwanamke Msaudi mwenye ugonjwa wa lupasi aliyepata nafuu kwa kuifanya. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, utaona njia: pumzi, utulivu na mazoezi ya mwili havina dini, na maneno ya kusindikiza pumzi mtu ayachukue katika dini yake.

Mwambao huu wa ziwa una maneno hayo kwa wingi. Tarika ya Kadiria ilifika Ujiji kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, na zikiri, ambamo jina la Mwenyezi Mungu hufuatana na pumzi, imekuwa ikisomwa huko vizazi na vizazi. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walifika Ujiji mwaka 1879, na Rozari ikaenea ziwani. Anayehesabu tasbihi na anayesali Rozari wote wanajua jinsi punje zinavyopita vidoleni, pumzi inavyopungua kasi na moyo unavyotua. Mgonjwa anayevuta kanga na kutoa pumzi pamoja na dua yake anafanya kile ambacho watu wa yoga hukiita kukaza fikra, naye hajatoka nje ya imani yake hata hatua moja.

Liko pia suala la sala yenyewe, na limewatia majonzi wazee wengi. Mwislamu asiyeweza kusujudu huona kama amepungukiwa. Akumbuke hadithi ya Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa na maradhi ya bawasiri. Mtume alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kiti cha plastiki safuni ni ruhusa halali, na Mkatoliki mgonjwa naye hadaiwi kupiga magoti. Dini hizi zilimfikiria mgonjwa karne nyingi kabla ya goti la chuma.

Nyumba, mteremko na boti

Maandalizi ya nyumbani yafanywe kabla mgonjwa hajarudi. Choo cha kuchuchumaa hakitamfaa. Fundi seremala atengeneze kiti imara cha mbao chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo, na gongo la kushikia ukutani. Kitanda kisiwe cha chini. Kigoda cha jikoni kipumzike, kiletwe kiti kirefu.

Mteremkoni ashike kanuni ambayo kila mtaalamu huifundisha: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mguu uliopasuliwa, gongo likienda pamoja nao. Kwenye boti asione haya kubebwa, na wenye boti waombwe mapema watege ubao. Ziwani asiingie mpaka kidonda kimefunga kabisa na daktari ameruhusu: maji yale yana vijidudu, na kandokando ya ziwa kuna konokono wanaoeneza kichocho.

Kisha kuna mapenzi ya ndugu yanayoweza kuharibu kazi yote. Mtu atakuja na mafuta ya mawese au ya mise yaliyopashwa moto, atake kulikanda goti kwa nguvu. Mwingine atamleta mganga wa mifupa achanje chale. Wapokelewe kwa heshima, washukuriwe, lakini mkono usiguse. Kiungo bandia hakina damu ya kujitetea. Vijidudu vikikifikia kupitia chale, huganda juu ya chuma na dawa huvishinda kwa tabu. Wakati mwingine huishia kung'olewa kiungo chote. Anayetaka kusaidia na amhesabie mgonjwa mazoezi, amchotee maji, akae naye jioni. Upweke hurudisha nyuma kupona, na maongezi ya jirani ni tiba.

Kuna habari moja ya jirani wa Mwamgongo inayostahili kusimuliwa hapa. Mwaka 1966, miaka sita baada ya Jane Goodall kufika Gombe, ugonjwa wa kupooza uliwapiga sokwe wa msitu ule. Sokwe dume aitwaye Faben alipooza mkono mmoja, hasara kubwa kwa mnyama anayetembea kwa miguu na mikono. Faben alijifunza kutembea mwendo mrefu kwa miguu miwili, mkono ukining'inia, akabaki katika kundi. Tena msaada wake ulimwezesha ndugu yake, Figan, kuwa kiongozi wa madume mwaka 1973. Yaliyoandikwa na watafiti wa Gombe yanaonyesha kwamba kiumbe aliyepungukiwa anaweza kupata mwendo mwingine, na kwamba bado ana kazi ya kufanya kwa ajili ya wenzake.

Mama wetu wa goti jipya huenda asipande tena na mzigo wa kuni kichwani, na asilazimishwe. Atatembea hadi mwaloni, atakaa na wajukuu, ataanika dagaa, atasali kitini. Hayo ni maisha kamili.

Nawe msomaji, ukiwa umeandikiwa upasuaji huu, au una mzee anayeusubiri, usiondoke hospitali bila kuandikiwa mambo manne: mazoezi yako na idadi yake kwa siku, mikao uliyokatazwa na muda wake, dawa za kuzuia damu kuganda na siku ya kuziacha, na namba ya simu ya kupiga. Ukiona kidonda kinatoa usaha, homa inapanda, shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, kifua kinabana au pumzi inakatika, usingoje boti ya kesho. Tafuta usafiri saa hiyohiyo. Siku nyingine zote, kaa kitandani pako asubuhi, zungusha kanga unyayoni, taja jina la Mungu wako, toa pumzi, kisha kunja.